Oili gani kwa injini ya mbio? Pima kwanza, ndugu yangu

Wiki hii sitaandika habari za hifadhidata wala za seva. Mnivumilie. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikibishana na mdogo wangu, na fundi wetu, na nafsi yangu, juu ya jambo moja tu: oili gani iingie kwenye injini inayozungushwa hadi mizunguko 8,000 kwa dakika. Ubishi uliisha Jumamosi iliyopita. Nimeona niandike mapema kabla sijasahau, kwa sababu kosa lililotugharimu ni lile lile ambalo sisi waandishi wa programu hulifanya kila siku tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu.

Kwanza gari lenyewe. Mdogo wangu anashiriki mbio za otokrosi, zile za kuzunguka kwenye kiwanja cha vumbi mkishindana na saa. Gari lake ni Toyota Levin ya AE101, yenye injini ya 4A-GE ya valvu 20. Ni injini ndogo, cc 1,587, haina tabo. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 160, lakini nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 7,400. Ukiiendesha chini ya 4,000 ni gari la kupeleka watoto shule. Kwa hiyo dereva hana budi kuiacha ilie.

Tena sisi tuko Kitengela, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 14. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, na dereva anajaribu kuirudisha kwa kuizungusha zaidi. Hewa hiyo hiyo nyepesi inapoza rejeta vibaya zaidi. Ongeza jua la saa nane mchana na vumbi la Kajiado, utaelewa kwamba oili ya gari hili haina maisha mepesi.

Sasa fanya hesabu kidogo. Pistoni ya 4A-GE inasafiri milimita 77 kwenda na milimita 77 kurudi. Kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, wastani wa mwendo wake ni mita 20.5 kwa sekunde, na kila sekunde moja inasimama na kugeuka mara 267. Nguvu inayovuta konrodi wakati wa kugeuka inakua kwa mraba wa kasi: ukitoka 4,000 kwenda 8,000 haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Kinachozuia chuma kisiguse chuma pale ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Hakuna kingine.

Jinsi nilivyoharibu injini ya mtu

Fundi wetu ni mzee wa siku nyingi. Yeye alikuwa na jibu moja: 20W-50, basi. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba magari mapya yanatumia oili nyepesi, kwamba oili nzito inakula nguvu, kwamba sintetiki ni bora kuliko ya kawaida. Nikaenda mjini nikarudi na kopo la 5W-30, sintetiki, bei ya kuumiza, na ubavuni limeandikwa neno la mbio kwa herufi kubwa nyekundu.

"Mzee, dunia imebadilika," nikamwambia. "Oili ya siku hizi ni nyepesi."

"Sawa, kijana wangu," akajibu. "Lakini injini hii si ya siku hizi."

Hakubishana zaidi. Akamimina. Mashindano ya kwanza yakaenda vizuri, nami nikatembea kifua mbele. Mashindano ya pili, mzunguko wa tatu, injini ikaanza kugonga. Ule mlio wa nyundo ndogo kutoka chini, ambao ukiusikia mara moja hutausahau. Imenoki.

Tulipofungua, Mzee alinipa beringi za konrodi mkononi. Rangi ya kijivu ilikuwa imeisha, shaba imejitokeza. "Oili haikuwa hapa," akasema. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Kuitengeneza upya ilikuwa shilingi 92,000. Nusu ya pesa hizo zilikuwa za mabati ya nyumba ya mama kule Rombo, chini ya Kilimanjaro, ambazo mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaziweka pamoja. Ilibidi mimi ndiye nimweleze, maana oili nilinunua mimi. Mama huuza maharagwe sokoni Illasit kwa gorogoro. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Kwani kabla ya kununua hamkupima?"

Sikuwa na jibu. Mimi ninayewasumbua wenzangu kazini kwamba usibadilishe msimbo kabla hujapima ni wapi unachelewa, nilikuwa nimechagua oili kwa kusoma kopo.

Jibu rahisi, nalo pia si sahihi

Hapo ningeweza kufunga mjadala: Mzee alikuwa sahihi, weka oili nzito. Watu wengi huishia hapo. Lakini jibu la kubahatisha likibahatika linabaki kuwa la kubahatisha. Twende kwenye namba.

Ile namba iliyo kabla ya herufi W inahusu baridi tu. Kiwango cha SAE J300 kinapima 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Kajiado hatujawahi kufika huko na hatutafika. Faida ya namba ndogo kwetu ni kwamba asubuhi ya baridi oili inafika juu kwenye kamshafti mapema kidogo. Ni faida, ila si ya kuamua mbio.

Namba ya pili ndiyo inayosema mnato wa oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 30 iko kati ya sentistoki 9.3 na 12.5, ya 40 inaishia 16.3, ya 50 inaishia 21.9. Lakini ndani ya injini ya mbio oili haikai kwenye nyuzi 100. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Nilikaa jioni moja nikaandika programu fupi ya kukokotoa mnato kwa kila joto, kwa kutumia namba za kawaida za oili za gredi hizo. Haya ndiyo niliyopata:

- Oili ya 30 kwenye nyuzi 110: sentistoki 9.0
- Oili ya 30 kwenye nyuzi 130: sentistoki 6.3
- Oili ya 40 kwenye nyuzi 130: sentistoki 7.9
- Oili ya 50 kwenye nyuzi 130: sentistoki 9.7

Tazama mstari wa kwanza na wa mwisho. Karibu ni sawa! Yaani ukishusha joto la oili kwa nyuzi 20, umefanya karibu kazi ile ile ya kupanda gredi mbili nzima. Watu wanagombana kuhusu 30 na 50 miaka nenda miaka rudi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza oili yake ina joto kiasi gani. Kuuliza "oili gani nzuri" bila kutaja joto ni kama kuuliza "seva ya ukubwa gani inatosha" bila kutaja idadi ya watumiaji.

Tulipopima

Injini iliporudi, nilikataa iwashwe kwa mashindano kabla sijaweka vipimo. Nilichukua bodi ndogo ya ESP32, sensa ya presha ikakaa pale kwenye swichi ya taa ya oili, sensa ya joto ikaingia kwenye sampu, na kadi ya kumbukumbu ikahifadhi kila kitu. Vyote havikufika shilingi 6,000. Linganisha na 92,000.

Tulianza na 10W-40. Mara ya kwanza nilihifadhi wastani wa kila sekunde. Presha ilikuwa baa 4.4, ikipanda na kushuka kidogo. Picha nzuri kabisa. Joto ndilo lililonitisha: nyuzi 128 baada ya mizunguko minne ya kiwanja.

Halafu nikakumbuka somo la kazini. Wastani unadanganya. Tovuti yenye wastani mzuri inaweza kuwa inawaangusha watumiaji wachache vibaya sana, nawe huoni. Nikabadilisha programu isome mara 50 kwa sekunde bila kuchanganya chochote. Na kweli: kwenye kona ndefu ya kushoto, presha iliporomoka kutoka baa 4 hadi 0.5, ikakaa huko nusu sekunde, ikarudi. Kila mzunguko wa kiwanja, kona ile ile. Nusu sekunde inaonekana ndogo, lakini kwenye mizunguko 7,500 kranki inazunguka mara 62 ndani ya muda huo. Mara 62 beringi zinabeba mzigo wote bila oili mpya.

Sababu si gredi. Gari likipinda kwa nguvu, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, na bomba la pampu linabaki likivuta hewa. Injini inayozunguka sana huzidisha tatizo, kwa sababu pampu inatupa oili nyingi juu kwenye kichwa cha injini kuliko inavyoweza kurudi chini kwa wakati.

Ili niwe mwadilifu, tukajaribu na 20W-50 ya Mzee. Kona ile ile, presha ikashuka hadi baa 0.8. Tena joto likapanda nyuzi 6 zaidi, kwa sababu oili nzito inajisugua yenyewe na msuguano huo ni joto. Na pale mwanzoni ikiwa bado haijapata moto, valvu ya kupunguza presha ilikuwa inafunguka na kurudisha sehemu ya oili kwenye sampu. Geji inaonyesha presha kubwa, unafurahi, kumbe presha si wingi wa oili inayopita kwenye beringi.

Kwa hiyo tulikuwa sote wawili na makosa. 5W-30 yangu ilikuwa nyepesi mno kwa joto lile, hilo nakubali mbele ya kila mtu. Lakini 20W-50 ingechelewesha kifo tu, isingekizuia.

Nilimpelekea Mzee mchoro wa presha kwenye simu. Akautazama muda mrefu, akauliza kona ile iko wapi kiwanjani. Siku mbili baadaye alikuwa amechomelea vibati ndani ya sampu, vya kuzuia oili isikimbie, na akatafuta rejeta ndogo ya oili kutoka kwenye gari lililobomolewa. Mimi nisingejua kuchomelea hata kimoja. Yeye asingejua kona gani bila mchoro.

Jumamosi iliyopita, na 10W-40 ndani: joto halikupita nyuzi 111, na presha juu ya mizunguko 6,000 haikushuka chini ya baa 3.7 hata mara moja. Mdogo wangu alimaliza wa sita. Injini imerudi nyumbani ikiwa nzima.

Basi ninunue nini?

Haya, najua kuna waliosoma haraka haraka wakitafuta sehemu hii. Maoni yangu ni haya, kwa injini ya petroli isiyo na tabo, ya umri wa 4A-GE, inayopelekwa juu ya 7,000:

1. Pima joto la oili kwenye sampu. Likibaki chini ya nyuzi 110, oili ya 40 inatosha. Likiwa kati ya 110 na 130, weka ya 50 kwa muda huku unatafuta rejeta ya oili. Likizidi 130, tatizo lako si oili. Punguza mwendo urudi gereji.

2. Tafuta namba inayoitwa HTHS kwenye karatasi ya maelezo ya oili. Hiyo hupima mnato kwenye nyuzi 150 huku oili ikisuguliwa kwa kasi kubwa, yaani hali inayofanana na ndani ya beringi. Oili ya 30 inaruhusiwa kuwa na 2.9 tu. Usishuke chini ya 3.5. Kama karatasi huna, kopo lililoandikwa ACEA A3/B4 linamaanisha 3.5 au zaidi.

3. Usivutiwe na pengo kubwa kati ya namba mbili. Ili oili iwe 5W na tena 50, mara nyingi huongezwa polima za kushikilia mnato, na polima hizo hukatika zinaposagwa kwenye mizunguko mikubwa. Oili inaanza siku ikiwa 50 na kumaliza ikiwa kama 40. Huku kwetu 5W hiyo haina kazi kubwa. 10W-40 au 15W-50 ya sintetiki inatosha.

4. Angalia zinki na fosforasi. Injini hizi zina kamshafti inayosugua juu ya vikombe vya valvu, na mchanganyiko wa zinki na fosforasi ndio unaolinda pale. Tangu API SM ya mwaka 2004, oili nyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi cha asilimia 0.08 ili kulinda kichujio cha moshi. Kikomo hicho hakizigusi 10W-40 wala 15W-50. Hiyo ni sababu nyingine ya kutonunua nilichonunua mimi.

5. Badilisha mapema. Vumbi letu ni mchanga uliosagwa. Sisi sasa tunabadilisha kila baada ya mashindano mawili, na filta ya zamani tunaikata na kuitandaza juani. Ukiona vipande vinavyometa, usiwashe tena.

6. Hakikisha ni oili kweli. Popote ununuapo, iwe Kirinyaga Road au duka la hapa Kitengela, kagua muhuri wa kifuniko na alama ya KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Na kopo tupu likiisha, litoboe.

Chupa za dawa za kuongezea kwenye oili? Mimi siweki. Mtengenezaji wa oili amepima mchanganyiko wake, wewe ukiongeza kitu umekuwa mtengenezaji mpya asiye na maabara.

Na tafadhali, msichukue haya mkayaweka kwenye gari la nyumbani. Probox yangu inapita Emali na Loitokitok kwenda Rombo bila kuvuka mizunguko 4,000, nayo inakunywa kile kitabu chake kinachosema, basi. Ushauri mzuri kwenye mahali pasipo pake ni ushauri mbaya. Hilo nalo ningepaswa kulijua, maana 5W-30 yangu ilikuwa ushauri mzuri wa gari lingine.

Ninachosema kwa ufupi: oili ni jibu, na jibu haliji kabla ya swali. Swali ni joto kiasi gani, presha kiasi gani, kwenye kona gani. Atakayekuuzia jibu bila kukuuliza hayo, awe fundi wa miaka 40 au kijana wa kompyuta kama mimi, mshukuru halafu nenda ukapime.

Deni la mabati tumelipa nusu. Mdogo wangu amesema nusu iliyobaki ni yangu peke yangu, na nimekosa hoja ya kumpinga.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, tukijaliwa. Nawasilisha.